Miezi mitatu na kitabu cha picha za Ivan Bilibin: uzoefu wangu

Mimi huchora vitabu vya watoto, na kwa miaka mingi Bilibin, mchoraji wa Urusi aliyechora vitabu vya ngano, nilimjua kupitia picha za kwenye simu tu. Mwezi wa nne nikajikaza, nikaagiza kitabu kikubwa cha picha zake, cha mtumba, kikasafirishwa mpaka Tanga. Pamoja na nauli ya mzigo kilinigharimu shilingi 140,000. Kilifika kona moja ya jalada imevunjika, na muuzaji akagoma kunirudishia hata sehemu ya hela. Nilikaa na hasira siku mbili nzima. Siku ya tatu nikafika ukurasa wa Baba Yaga, ajuza mchawi wa ngano za Kirusi, hasira ikaniisha.

Picha hiyo ni ya 1900. Ajuza anapaa msituni akiwa ndani ya kinu, mchi mkononi, na ufagio wa kufuta njia aliyopita. Binti yangu wa miaka sita aliitazama akauliza, "Mama, kinu cha bibi kinaruka?" Sikuwa na haja ya kumweleza kinu ni nini wala mchi ni nini. Msitu wa Urusi hajawahi kuuona, lakini kile chombo anakijua, kipo uani kwa bibi yake.

Kwenye simu rangi ndizo zinazokuvuta macho. Karatasini nimeuona mstari wenyewe, na mstari huo ndio Bilibin. Wenzake walimpa jina la Ivan Mkono wa Chuma, na sasa najua kwa nini. Alianza kwa penseli, akaihamisha picha kwenye karatasi safi, kisha akaupitisha wino kwa brashi nyembamba ambayo ncha yake ameikata mshazari. Rangi ya maji ilikuja baadaye, imetandazwa bapa ndani ya mipaka ya wino. Nilikata brashi yangu ya zamani kwa wembe nikajaribu kufuata mkunjo mmoja tu wa sketi ya Vasilisa, yule binti anayetoka kwa ajuza na fuvu kwenye fimbo, macho ya fuvu yakimmulikia njia. Nimerudia jioni tisa. Mstari wangu unanenepa pale mkono unapogeuka, wake haunenepi. Nimejifunza zaidi kwenye mkunjo ule kuliko katika mafunzo mengi niliyolipia.

Halafu mapambo ya kuzunguka kurasa. Aliyezoea kanga ataelewa haraka: ukurasa wa Bilibin una pindo na mji. Hadithi inakaa mjini, na pindo lina uyoga, ndege, maua, nakshi za mbao, vyote vikiwa na kazi katika hadithi hiyo hiyo. Ukiliondoa pindo, picha inabaki haijavaa.

Maisha yake yameelezwa mwanzoni mwa kitabu, kwa Kiingereza. Alizaliwa 1876 Tarkhovka, karibu na St. Petersburg. Mwaka 1898 alikwenda Munich, Ujerumani, kusoma kwa mchoraji Anton Ažbe, akarudi kujifunza chini ya mchoraji wa Kirusi Ilya Repin. Kiangazi cha 1899 alikaa kijijini katika jimbo la Tver, na hapo ndipo picha za ngano zilipoanza. Zilichapwa na idara ya serikali iliyokuwa ikichapa noti za fedha, ndiyo maana rangi zilitoka safi kiasi kile. Kati ya 1902 na 1904 alizunguka mikoa ya kaskazini kwa niaba ya jumba la makumbusho, akikusanya nguo na tarizi na kupiga picha nyumba za mbao. Ukishajua hilo, mikono ya nguo kwenye picha zake unaitazama upya. Aliviona vitu vile kwa macho yake. Hata tai mwenye vichwa viwili aliyemchora 1917 alikuja kukaa kwenye sarafu za Urusi kwa miaka mingi.

Malalamiko yangu makubwa yanaanzia hapo. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 alihama nchi, mwaka 1920 akafika Misri. Aliishi Cairo na Alexandria mpaka 1925, akichora kuta za matajiri wa Kigiriki, kabla ya kuhamia Paris. Miaka mitano ya mchoraji huyu barani kwetu, na mwandishi ameimaliza kwa nusu aya! Nilitamani japo mchoro mmoja wa huko. Mwaka 1936 alirudi Leningrad, ndilo jina la St. Petersburg wakati huo, akafundisha. Jeshi la Ujerumani lilipouzingira mji, alikataa kuhamishwa, na tarehe 7 Februari 1942 akafa kwa njaa. Nililisoma hilo usiku, nikarudi kwenye kinu cha Baba Yaga nikakaa nalo muda mrefu.

Kasoro nyingine ni ya uchapaji. Picha ya pipa baharini, ya 1905, kutoka hadithi ya Tsar Saltan ya mshairi wa Kirusi Pushkin, ndiyo niliyokuwa naisubiri kuliko zote: mawimbi yamejikunja kama ya mchoraji Hokusai wa Japani, juu anga imejaa nyota. Wameitandaza kurasa mbili, na mshono wa katikati umemeza kipande cha wimbi. Nimejaribu kukilaza kitabu wazi kadiri ninavyoweza bila kuvunja uti wake, lakini wapi.

Ukitaka kununua, muulize muuzaji vipimo vya ukurasa kabla ya kutuma hela. Kwa rafiki yangu nimeona toleo dogo, mapindo yote yamekatwa ili picha zienee, na mistari imesongamana mpaka huwezi kufuata brashi ilipopita. Hilo singelinunua hata kwa nusu bei. Hiki changu, pamoja na kona yake iliyovunjika, kipo mezani kila jioni karibu na wino.