Tahadhari: kijana anayefuata magari majumbani "kuyapeleka MOT" ni tapeli, msimpe funguo

Ndugu zangu wa Birmingham na miji ya jirani, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na naomba mnivumilie iwapo aibu itanizungusha kidogo kabla sijafika penyewe. Yule kijana wa magari, ambaye wengi wenu mlimwona kwenye arusi ya Agosti akipanga viti, na ambaye namba yake imekuwa ikipitishwa katika makundi yetu tangu mwezi wa kumi na mbili, amenila pauni 300, amenikabidhi cheti cha MOT (kile kipimo cha lazima cha usalama wa gari cha kila mwaka hapa Uingereza) ambacho hakikutolewa na kituo chochote, na ameniacha niendeshe kwa siku kumi na moja gari lenye breki zilizokwisha. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri liko polisi. Anayetaka kuhakikisha kama ndiye huyo anayemfikiria, anifuate pembeni.

MOT yangu ilikuwa inaisha Jumatano, tarehe 19 Machi. Najua kuna watakaouliza kwa nini nilisubiri hadi dakika za mwisho, ilhali sheria inaruhusu kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla bila kupoteza tarehe yako ya mwaka, maana yake ningeweza kwenda tangu tarehe 20 Februari. Ni kweli, na sina la kujitetea isipokuwa zamu za usiku na mambo ya mama ambayo mnayajua. Nilipoanza kupiga simu, vituo vitatu vilinipa nafasi za baada ya tarehe 19. Machi ni mwezi wa msongamano hapa Uingereza, kwa sababu namba mpya za magari hutoka Machi na Septemba, na tarehe ya MOT hufuata siku gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Jumatatu jioni nikamkumbuka huyu kijana, na mwenzangu wa kazini akanikumbusha kwamba Januari alimfungia betri vizuri kabisa na bei yake haikuwa mbaya.

Alipokea simu kwa "Shikamoo dada," akaniuliza mguu wa mama unaendeleaje huko Tanga, akamtaja hadi daktari aliyemfanyia upasuaji. Nilipomweleza shida yangu hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Dada, wewe umefunga na unakesha kazini, utaanzaje kuzunguka na gari? Nitalifuata mwenyewe kesho asubuhi, jioni linarudi na cheti chake." Bei ya kupima alisema pauni 40, kwa kuwa kituo "kinampa bei ya mafundi". Hapo sikushtuka, wala sidhani kama kuna ambaye angeshtuka: ada ya juu kabisa iliyowekwa kwa gari la kawaida ni pauni 54.85, na vituo vingi hutoza chini ya hapo ili kuvuta wateja.

Asubuhi ya Jumanne alifika saa moja kamili, ndani ya ovaroli safi iliyopigwa pasi. Kabla ya kuchukua funguo alilizunguka gari lote akipiga picha kila mkwaruzo, hata ule wa nyuma nilioupata kwenye maegesho ya hospitali, akacheka na kusema, "Hizi ni za kumbukumbu, dada, usije ukasema nimekukwaruzia mimi." Naomba mlifikirie hilo kabla hamjanihukumu. Mtu anayekuja kukuibia anapiga picha za kulinda haki yako! Nikampa funguo, nikalala.

Saa sita na dakika kumi simu ikaita. Nyuma yake nilisikia mlio wa ile mashine ya kufungulia nati za magurudumu, na hadi leo sijui kama alikuwa kwenye gereji kweli au alikuwa amesimama tu nje ya gereji ya watu. "Dada, pole, limefeli." Akasema pedi za breki za mbele zimekwisha na klachi inateleza, na kwamba matengenezo yote ni pauni 260. Nilipomwambia alirudishe kwanza nifikirie, sauti yake ikawa ya upole zaidi, kama anayemweleza mgonjwa habari mbaya: gari likishafeli kituo hakiliachii litoke hadi litengenezwe, na kila siku likilala pale ni pauni 25. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa nne tu, zamu yangu ilikuwa inaanza saa mbili usiku, na bila gari sifiki kazini. Nikamtumia pauni 220 palepale, kwenye akaunti yenye jina la mwanamke ambaye alisema ni mhasibu wao. Benki iliniuliza mara mbili kama ninamfahamu ninayemtumia. Mara mbili nilibonyeza ndiyo.

Jioni alirudi muda mfupi kabla ya kufuturu. Pauni 80 zilizobaki alizipokea taslimu, kisha akatoa kwenye buti mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri, akaufungua juu ya meza yangu ya jikoni, na ndani yake kulikuwa na pedi nne za breki zilizolika, nyeusi, zikinuka grisi na chuma kilichoungua. Akachukua moja akaniwekea kiganjani. "Shika, dada. Ona ilipofika. Mungu amekuokoa." Ile pedi ilikuwa nzito, ukingo wake umebaki chuma kitupu, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikasema alhamdulillahi, nikamfungia futari kwenye kontena ampelekee mkewe. Tambi, sambusa sita na tende. Kontena lenyewe hakurudisha.

Cheti alikitoa kikiwa ndani ya plastiki ngumu. Kilikuwa na namba ya gari langu, aina ya gari, tarehe, na neno la kufaulu kwa herufi kubwa. Nilikitazama kama tulivyozoea kutazama karatasi nyumbani. Sisi tuliokulia na stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele tunajua kwamba ukiwa nayo umemaliza kazi, na trafiki akikusimamisha unamwonyesha. Hapa karatasi si kitu. Kinachotambulika ni kumbukumbu iliyo kwenye mfumo wa serikali, na hilo nimelijua nikiwa nimeshalipa ada ya kulijua.

Jumamosi, tarehe 29 Machi, nilitoka kazini, nikakaa kulipia ushuru wa barabara uliokuwa unaisha na mwezi. Mtandao ukakataa: gari halina MOT. Niliingiza upya mara tatu nikidhani nimekosea namba ya kadi ya gari. Ndipo nikaingia kwenye ukurasa wa serikali wa historia ya MOT, ambako ukiandika namba ya gari tu, bure, unaona kila kipimo kilichofanywa na maili zilizosomwa siku hiyo. Kumbukumbu ya mwisho ilikuwa ya Machi ya mwaka jana. Hapakuwa na kufaulu, na hata ule "kufeli" wake haukuwapo, ingawa kipimo chochote kinachofanywa kituoni huingizwa kwenye mfumo, kiwe kimefaulu au kimefeli. Nikakichukua cheti kutoka kwenye droo na kukisoma mstari kwa mstari kwa mara ya kwanza. Maili zilizoandikwa ni 82,660. Dashibodi yangu ilikuwa inasoma zaidi ya 91,000. Zile 82,660 ni maili za mwaka jana! Alikuwa amechukua cheti changu cha zamani kwenye kisanduku cha dashibodi, akabadilisha tarehe na kukichapisha upya.

Nilipompigia alisema mtandao wao una hitilafu, nisubiri Jumatatu. Nilipotaja maili, akaniambia, "Dada, sasa unataka kunivunjia heshima," na baada ya hapo namba yangu ikafungiwa. Idi yangu niliila kwa uchungu huo.

Jumatatu nilibahatika kupata nafasi iliyoachwa na mtu kwenye kituo cha halmashauri. Vituo hivi hupima magari ya halmashauri yenyewe, lakini raia pia wanapokelewa, na kwa kuwa kile nilichokwenda hakifanyi matengenezo, hakina faida yoyote kwa kukufelisha. Ukiwa huna MOT unaruhusiwa kuendesha kwenda kwenye kipimo ulichokwisha kupanga, basi nikaenda kwa mwendo wa kobe. Mpimaji alinionyesha sehemu ya kukaa na kutazama, kwa sababu ni haki ya mwenye gari kuona likipimwa. Gurudumu la mbele kushoto lilimchukua dakika moja. Pedi ilikuwa imebaki chini ya milimita 1.5, na hilo linaandikwa moja kwa moja kuwa ni kasoro ya hatari, daraja ambalo gari haliruhusiwi kurudi barabarani hadi litengenezwe. Mafundi wetu wa mitaani watasema pedi ni kitu kidogo. Siku kumi na moja nilizopita nazo nilikuwa nikiwapeleka shule watoto wawili wa jirani yangu, na mara mbili nilipita barabara kuu ya M6 usiku kwenye mvua.

Nilikuwa nimekwenda na ule mfuko wake. Mpimaji alichukua pedi moja, akaipima kwa macho, akasema hii ni ya gari kubwa zaidi, pengine la mizigo, na kwenye gari langu haiwezi hata kuingia. Kuhusu klachi alitabasamu. MOT haikagui klachi, wala injini, wala gia boksi. Kwa hiyo gari haliwezi kufeli MOT kwa klachi, na huyu bwana alinitoza matengenezo ya kitu ambacho hakimo kabisa katika kipimo. Gari la kukokota lilinigharimu pauni 70, pedi mpya na kuzifunga pauni 95, na ada ya kurudia kipimo juu yake, ndipo gari langu likafaulu kwa haki.

Sasa kuna wazee wawili ambao nawaheshimu sana wamenipigia wakishauri jambo hili limalizwe kwa kikao, kijana arudishe pesa, aombe radhi, kwa sababu "ni mtoto wetu". Kwa heshima zote, nimekataa. Wakati ananiwekea pedi ya gari la mtu mwingine kiganjani alikuwa anajua kwamba zangu zimekwisha, au hakujali hata kuzitazama, na yote mawili ni sawa kwangu. Nataka ashtakiwe. Kughushi cheti cha MOT ni jinai, na wakala wa serikali unaosimamia MOT, DVSA, hupokea taarifa za udanganyifu kama huu. Yangu wameshaipokea pamoja na nakala ya cheti. Benki nayo nimeiandikia, kwani tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kuwarejeshea wateja waliolaghaiwa wakatuma pesa wenyewe. Wakinijibu nitawaambia. Na wale wanaosimamia makundi yetu, naomba namba yake iondolewe leo, pamoja na lile tangazo lake la Jumapili, kwa maana bado anajitangaza na kuna watu wameandika chini yake "nitakutafuta kaka". Nataka hata harusini asionekane akipanga viti.

Mmeniuliza dalili za kumtambua tapeli kama huyu. Nyingi nimeshazitaja bila kukusudia: klachi, akaunti ya mtu mwingine, maili zisizolingana. La msingi ni kwamba hakuwahi kuniambia jina la kituo, nami sikuuliza. Kituo halali kina bango la buluu lenye pembetatu tatu nyeupe, na ukishajua kinaitwaje unakipigia mwenyewe kuuliza kama gari lako lipo. Gari likifeli, unapewa karatasi ya kufeli inayotaja kila kasoro, si maneno ya simu. Na usisubiri ushuru wa barabara ukuumbue kama mimi: siku ileile ingiza namba ya gari kwenye ukurasa wa historia ya MOT. Faini ya kuendesha bila MOT inaweza kufika pauni 1,000, na anayeilipa ni wewe uliyeshika usukani, yeye hayupo.

Kwa yeyote aliyempa gari tangu Januari, tafadhali lihakiki sasa hivi, kisha uniandikie, kwa sababu polisi wameniuliza kama kuna wengine, na hadi sasa nina dada mmoja tu kutoka Wolverhampton ambaye naye alipewa mfuko wa pedi nne. Jumapili nitakuwapo kwenye kisomo nikiwa na mfuko wangu. Naye aje na wake tuzilinganishe, maana alivyonieleza kwenye simu, nahofia ni pedi za aina ileile.