Kitabu cha picha cha garimoshi: kipi ununue kwanza ukiwa Mtwara

Mbuzi mtoto atamwona nje. Mashua ataiona ufukweni Shangani. Garimoshi, kwa mtoto wa Mtwara, atalijua kwa kitabu tu, kwa hiyo kitabu kikikosea atakua na kosa hilo. Nimewanunulia wanangu wawili vya kutosha, na vingine vimeishia kufungia karanga. Navipanga hivi.

Cha kwanza ni chenye jalada gumu na mchoro wa garimoshi lililopasuliwa ubavu, hata kiwe cha Kiingereza, hata kiwe cha mtumba. Palepale kwa muuzaji weka kidole kwenye tanuri. Moto unachemsha maji ndani ya boila, mvuke unaingia kwenye silinda na kusukuma pistoni, pistoni inasukuma vyuma vilivyoshikana na magurudumu. Kidole kikifika kwenye gurudumu bila kupotea njiani, lipa. Lugha isikutishe, utasimulia mwenyewe.

Kikiwa na watu ndani ni bora zaidi. Chetu kina abiria wa daraja la tatu wa Uingereza, miaka ya 1830, wamekaa kwenye mabehewa yasiyo na paa, cheche zinawarukia nguoni. Mwanangu mdogo aling'ang'ania ukurasa huo wiki nzima: "Mama, mbona hawashuki?" Mwangalie na dereva. Kwenye magarimoshi mengi ya mwanzo husimama nyuma ya boila. Akichorwa mbele kama dereva wa basi, mchoraji hakujisumbua kutazama.

Nafasi ya pili naipa vijitabu vyembamba vya Kiswahili. Faida yake ni kwamba mtoto anasoma peke yake. Tafuta chenye reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, maana hapo majina ya stesheni ni ya kwetu. Kirudishe kikionyesha treni ya umeme inafuka moshi. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tatizo lingine ni pini. Kwa hewa hii ya chumvi zinashika kutu, na msimu mmoja wa mvua kurasa zinaachia. Mimi huzing'oa mapema na kushona kwa uzi wa gunia.

Vya kurasa ngumu kama boksi ni vya walio chini ya miaka mitatu. Vinatafunwa, havichaniki, basi. Vya kupaka rangi ni rahisi na havifundishi mengi, ingawa mwanangu mkubwa alijifunza kuhesabu kwa kupaka mataruma ya reli, moja jeusi, moja kahawia.

Mwisho kabisa, vile vyenye vitufe vya sauti. Vinapendeza dukani. Nilinunua kimoja kwa pesa za korosho, kikapiga honi siku nne kisha kikanyamaza. Hilo la kunyamaza ningesamehe. Vile vibetri vidogo bapa mtoto akimeza ni hatari kubwa. Kama mfuniko wake haufungwi kwa skrubu, usikiingize nyumbani.

Reli yetu wenyewe sijaikuta kwenye kitabu chochote cha watoto. Baada ya vita ya pili Waingereza walileta mradi wa karanga Nachingwea, wakajenga reli ya kuzisafirisha hadi pwani. Mradi ukaachwa 1951. Reli ikaendelea kidogo, ikafika na bandarini Mtwara, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Ukurasa mweupe wa mwisho wa kitabu chetu nimeuchora mstari kwa kalamu nyekundu, Nachingwea mpaka baharini. Mwanangu mdogo alimpelekea jirani yetu mzee auone.

"Babu, reli yenyewe iko wapi?"

"Iling'olewa, mjukuu wangu."

Akaomba ufutio. Nikamkatalia.