Myst: Kisiwa Kisicho na Mwenyeji

Mchezo wa kompyuta wa Myst, ambao ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, waliutoa mwaka 1993 kupitia kampuni yao ya Cyan, haumpi mchezaji silaha, haumhesabii muda wala haumletei adui wa kupambana naye. Anajikuta gatini kwenye kisiwa kisicho na mtu, anabofya upande anaotaka kwenda, na picha ya mahali hapo inatokea. Hakuna anayemweleza kazi yake ni ipi, na kwa maoni yangu ukimya huo ndio unaoufanya mchezo huu ustahili kuchezwa hadi leo.

Mafumbo yake yamejengwa kwa vitu vya mahali penyewe. Katika maktaba ya kisiwa vitabu vingi vimeteketea kwa moto, na vile vichache vinavyosomeka vinabeba michoro na maelezo yanayofungua njia za kwenda dunia nyingine nne. Fumbo ninaloliheshimu kuliko yote linaunganisha mbili kati ya dunia hizo: katika moja, mchezaji anazungusha ngome iliyo katikati ya maji na kusikia mlio tofauti kwa kila upande wa dira, katika nyingine, akiwa ndani ya chombo cha reli chini ya ardhi, milio ileile ndiyo inayomwonyesha pa kuelekea kila anapofika njia panda. Aliyesikiliza kwa makini atapita. Hata hivyo dunia hizo huingiwa kwa mpangilio wowote, na anayeanzia chini ya ardhi hana budi kuitambua maana ya milio hiyo kwa kubahatisha, jambo ambalo naliona kuwa kasoro ya kweli. Vilevile kuna fumbo la kulinganisha noti tano za muziki kwa sikio, ambalo toleo la awali liliwawekea kizuizi kizito wasiosikia vizuri.

Hadithi nayo inafuata utaratibu huohuo. Sirrus na Achenar, ndugu waliofungiwa ndani ya vitabu viwili, chekundu na cha buluu, kila mmoja anaomba aletewe kurasa zake na kumshutumu mwenzake; lakini anayetaka kujua ukweli ataupata katika vyumba walimolala, kwa kuangalia kila mmoja alijiwekea nini.

Yote hayo yalitengenezwa kwa picha za mnato zipatazo 2,500, zilizounganishwa kwa programu ya HyperCard na kuwekwa kwenye diski ya CD. Mchezo uliuza zaidi ya nakala milioni 6 na kuongoza kwa mauzo ya michezo ya kompyuta hadi The Sims ilipoupita mwaka 2002. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la MoMA la New York likauingiza katika hazina yake. Riven, mwendelezo wake wa mwaka 1997, una mafumbo yaliyoshonwa vizuri zaidi na hadithi yake, ingawa ni mgumu kwa anayeanza.

Kwa mchezaji mpya napendekeza toleo lililojengwa upya na kutolewa kwa kompyuta mwaka 2021, ambalo linamruhusu kutembea kwa uhuru na pia kubadilisha majibu ya mafumbo, hivyo hata aliyewahi kuumaliza mchezo zamani atalazimika kufikiri tena. Awe na daftari na kalamu karibu, na asitafute majibu kwenye intaneti kabla hajarudi maktabani kusoma upya.