Fidia ya nguvu za kiume: ushahidi mpya au jicho jipya?

Mwanajeshi mstaafu wa Marekani akinyimwa na Idara ya Maveterani fidia ya upungufu wa nguvu za kiume, mfumo ulioanza Februari 2019 unampa njia mbili kabla ya kufika Bodi ya Rufaa.

Dai la nyongeza (fomu 20-0995) linataka ushahidi mpya unaohusika. Mara nyingi kinachokosekana ni barua ya daktari inayoeleza kwamba tatizo limeletwa na kisukari, au na dawa za msongo uliobaki baada ya vita, na maradhi hayo tayari yamekubaliwa kuwa yametokana na utumishi. Ukiwa na barua hiyo, mimi nisingehangaika na njia nyingine.

Mapitio ya ngazi ya juu (20-0996) hayapokei karatasi mpya hata moja. Afisa mwandamizi husoma faili lilelile. Unaweza kuomba kumwonyesha kosa kwa simu, mara moja tu. Muda ni mwaka mmoja tangu uamuzi. Mapitio haya yanafaa pale ulipokubaliwa kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 0 (kawaida kwa hali hii, usishtuke) lakini malipo maalumu ya kila mwezi ya kupoteza matumizi ya kiungo cha uzazi yakasahaulika.