Uzoefu wangu: siku ya blakijeki na chakula El Cortez, Las Vegas

Ukienda Las Vegas kucheza blakijeki, mchezo wa karata wa kukaribia ishirini na moja bila kuzidi, soma kwanza maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza kabla hujatoa hata dola moja. Ni maneno machache tu: ama meza inalipa blakijeki 3 kwa 2, yaani dola 3 kwa kila dola 2 ulizoweka, ama inalipa 6 kwa 5. Mimi niliyasoma baada ya kuliwa, ndiyo maana naanza nayo.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji, mume wa dada yangu. Tunaishi Minneapolis, na safari hii tulikuwa tumeidundulizia kwa miezi kadhaa. Tulifikia kwenye hoteli moja kubwa ya Strip, ile barabara ya kasino kubwa, ambayo sitaitaja jina. Chumba kizuri, vitanda vizuri, ila kwenye bili kulikuwa na "ada ya huduma za hoteli" ya kila usiku ambayo tuliiona mwishoni kabisa wakati wa kulipia. Usiku wa kwanza nikakaa kwenye meza ya dau la chini dola 20. Mkono wa tatu nikapata ree (kumi na moja) na kingi (kumi), yaani ishirini na moja ya papo hapo, blakijeki yenyewe. Nikangoja dola 30. Mgawaji akanisukumia 24. Nilipouliza, akaniwekea kidole kwenye kitambaa, kwa adabu kabisa: 6 kwa 5.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo pesa zinapopotelea. Blakijeki huja takriban mara moja katika kila mikono 21. Ukicheza mikono 60 kwa saa, utapata kama tatu. Kila moja unapunjwa dola 6 kwa dau la 20, kwa hiyo ni dola 18 kila saa zinazoondoka hata kama umecheza bila kosa lolote. Mtu anayecheza kwa kanuni sahihi kwenye meza ya 3 kwa 2 anazidiwa na kasino kwa karibu nusu asilimia tu. Meza ya 6 kwa 5 inaongeza juu yake kama asilimia 1.4. Ni mchezo uleule, karata zilezile, lakini bei yake karibu mara nne. Kwangu mimi huo si uungwana, hasa kwa mgeni ambaye hakuna anayemweleza.

Basi siku ya pili tukaamua kwenda mjini kwenyewe, Fremont Street, kwenye kasino za zamani. Tulipanda basi la Deuce, la ghorofa, linalotoka Strip hadi huko. Lakini kabla ya karata tulitafuta chakula, na hapa nawashauri ndugu zangu mnaotoka nyumbani: Las Vegas ina jamii kubwa ya Waethiopia, wengi wao utawakuta wakiendesha teksi, na migahawa yao ni ya kweli. Dereva mmoja aliposikia tunaongea Kiswahili alitupeleka mwenyewe. Tulikula doro wat, kuku wa mchuzi mzito wenye pilipili ya berbere na yai ndani, pamoja na shiro, uji mzito wa unga wa kunde, na mboga, vyote juu ya injera moja kubwa, ule mkate wao mwembamba, tukanawa na kula kwa mkono. Baadaye wakatuletea kahawa kwenye jebena, birika lao la udongo. Mhudumu, dada mmoja wa makamo, alikataa tuondoke kabla ya kikombe cha pili. Baada ya siku mbili za mikate na soseji, mlo ule ulinirudisha nyumbani. Shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, hapa turudi kesho." Na tulirudi.

Kasino tuliyoichagua, El Cortez, ilifunguliwa mwaka 1941, miaka kumi baada ya jimbo la Nevada kuhalalisha kamari. Jambazi maarufu Bugsy Siegel na wenzake waliwahi kuimiliki miaka ya 1940, na kuanzia 1963 ikawa ya Jackie Gaughan, mfanyabiashara wa kasino, ambaye aliishi humohumo hotelini uzeeni mpaka alipofariki mwaka 2014. Jengo limo kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Dari ni fupi na taa ni za kawaida. Mlangoni waliomba vitambulisho, kwa sababu tangu 2022 hawamruhusu mtu aliye chini ya miaka 21 kuingia. Mwenye watoto ajue hilo mapema.

Kilichotupeleka ni blakijeki ya pakiti moja ya karata inayolipa 3 kwa 2. Meza za namna hiyo sasa ni za kutafuta. Siku ile dau la chini lilikuwa dola 15. Nilisoma kitambaa mara mbili ndipo nikavuta kiti.

Pesa humpi mgawaji mkononi. Unaziweka mezani, yeye anazitandaza ili kamera zione, ndipo anakukatia chipu, vile vibao vya kuchezea badala ya pesa. Nilibadilisha dola 300, fungu nililolitenga kwa siku nzima, na kadi ya benki niliiacha hotelini kwenye sefu. Kwenye pakiti moja karata zako unapewa zimefunikwa, unazishika kwa mkono mmoja tu. Ukitaka nyingine, unakwaruza kitambaa taratibu kwa ncha za karata. Ukitosheka, unazichomeka chini ya chipu zako. Mwanzoni nilizishika kwa mikono miwili, mgawaji, mama mmoja wa Kifilipino mwenye sauti ya upole, akanirekebisha bila kunidhalilisha mbele ya watu. Baada ya hapo kila nilipokwama alinisubiri. Wapo wanaogawa kama wanafukuzwa. Huyu aligawa kama mtu anayependa kazi yake, na nilimwekea bakshishi kwa moyo mweupe.

Nilikuwa na kadi ndogo ya kanuni, ile inayouzwa kwenye maduka ya zawadi, na niliruhusiwa kuitazama waziwazi pale mezani. Asili ya kanuni hizo inanigusa sana: mwaka 1956 askari wanne wa jeshi la Marekani waliokuwa kambi ya Aberdeen, Maryland, walichapisha hesabu walizozifanya kwa mashine za kukokotoa za mezani, kabla kompyuta hazijawa za watu, wakionyesha namna bora ya kucheza kila mkono. Hesabu zile zinatufaa mpaka leo.

Mkono ninaoukumbuka: nilikuwa na saba na nne, jumla kumi na moja, mgawaji anaonyesha sita. Kadi inasema ongeza dau maradufu. Moyo ulisita, lakini nikasogeza dola 15 nyingine. Nikaletewa karata moja, imefunikwa. Mgawaji akafunua yake ya pili, kumi, jumla kumi na sita, akalazimika kuvuta, akapata jeki, akazidi ishirini na moja. Yangu ilikuwa tisa. Meza nzima ilishangilia, hata mzee wa Texas aliyekuwa amenuna tangu nifike.

Jambo jingine ni bima, yaani dau la pembeni. Mgawaji akionyesha ree, anauliza kama mnataka bima dhidi ya blakijeki yake, na inalipa 2 kwa 1. Neno lenyewe linatuliza, lakini usikubali. Kwenye pakiti moja iliyochanganywa upya, ukiwa huna karata yenye thamani ya kumi mkononi, zimebaki karata 49 usizozijua, na zenye thamani ya kumi (kumi, jeki, kwini na kingi) ni 16. Hiyo haifiki theluthi moja inayohitajika ili bima isikutie hasara, na hapo ndipo ungekuwa kwenye hali nzuri kuliko zote. Shemeji alikata bima mara nne na mara zote nne alipoteza. Nilimsihi aache, akaacha.

Tulicheza kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja kasoro jioni. Vinywaji vinaletwa bure mezani, ukimpa mhudumu dola moja au mbili. Mimi nilikunywa soda na maji, maana pombe na hesabu haviendi pamoja. Nilipata blakijeki kadhaa, na kila mara dola 22 na nusu zililetwa kamili. Niliondoka na dola 247 na nusu. Dola 52 na nusu, bakshishi ikiwemo, kwa karibu saa nne za mchezo na watu wazuri: sina kinyongo hata kidogo.

Chakula cha jioni tulikula humohumo, Siegel's 1941. Niliagiza ubavu wa ng'ombe uliookwa polepole, na pande lililokuja lilifunika nusu ya sahani, jekundu katikati kama nilivyoomba, likielea kwenye mchuzi wake, na kiazi kizima cha kuoka pembeni. Nyama ilikatika kwa uma. Mboga zilipikwa kupita kiasi, hilo niseme. Bei ilikuwa nafuu kuliko kifungua kinywa chetu cha Strip, na mhudumu alitujazia kahawa bila kuombwa.

Tulipotoka na kutembea kidogo, anga la Fremont Street lilikuwa limefunikwa na lile paa kubwa la picha za taa, muziki unapiga kila upande. Tukasimama kituoni kungoja Deuce. Shemeji akatoa simu na kuanza kuulizia bei ya vyumba vya El Cortez kwa mwezi wa kumi na mbili.