Mbuzi wa Pulaski na nguruwe wa 18th Street: chakula cha Kimeksiko ninachokiamini Chicago

Ukitua Chicago kwa uwanja wa Midway, usikimbilie katikati ya jiji. Panda treni ya Orange Line, shuka kituo cha kwanza tu, Pulaski, kisha ufuate barabara ya Pulaski kuelekea kaskazini kwa dakika chache mpaka namba 4852. Hapo pana Birrieria Zaragoza. Kila mgeni wangu anayetoka nyumbani nampeleka hapo kabla hajafungua begi.

Ni mgahawa wa familia, ulifunguliwa mwaka 2007, na kazi yake ni moja: birria ya mbuzi kwa mapishi ya La Barca, mji ulioko jimbo la Jalisco. Menyu ni fupi. Karibu kila kilichomo ni mbuzi yuleyule, mara yuko kwenye sahani na supu, mara kwenye taco, yaani tortilla iliyokunjiwa nyama, mara amefunikwa kwa jibini ndani ya quesadilla. Ufupi huo ndio ulioniambia nimefika. Mpishi anayepika kitu kimoja kila siku, mwaka hadi mwaka, hana pa kujificha kikiharibika.

Nyama hutiwa chumvi, ikapikwa kwa mvuke saa kadhaa mpaka inaachia mfupa. Baadaye hupakwa mchuzi mzito wa pilipili kavu na viungo, ikaingizwa kwenye tanuri ishike rangi na ukoko. Supu ni ya nyanya, nyepesi, na inamiminwa juu ya nyama wakati sahani inaandaliwa. Pembeni unawekewa kitunguu kilichokatwakatwa, majani ya giligilani, ndimu na salsa, yaani mchuzi wa pilipili. Agiza yenye mifupa. Isiyo na mfupa ni tamu pia, lakini utamu wenyewe umejibanza kwenye ubavu na kwenye goti, pale nyama inaponata kidogo vidoleni. Kamua ndimu, tia kitunguu, onja supu kabla hujagusa salsa. Mimi ni mtu wa Moshi, nimekulia kwenye supu ya mbuzi ya asubuhi, na ile supu ilinigonga palepale: ni ndugu wa supu yetu aliyelelewa na shangazi mwingine, mwenye pilipili na nyanya nyingi zaidi.

Kisha kuna tortilla, chapati nyembamba ya mahindi. Kaa mahali unapoweza kumwona anayezitengeneza. Anachota kidonge cha unga uliolowa, anakiviringisha kiganjani, anakikandamiza kikawa bapa, anakilaza kwenye chuma cha moto. Anageuza mara moja, anageuza tena, na ile mara ya pili tortilla inavuta pumzi na kuvimba katikati. Ikivimba hivyo, jua donge lilikuwa na maji ya kutosha na moto ulikuwa sawa. Inakuja mezani imefunikwa, ina mabaka ya kahawia, inanukia mahindi. Unaikunja nusu, unachota nayo nyama, na haipasuki.

Nasisitiza tortilla kwa sababu ndiyo kipimo changu cha kwanza popote niendapo, na sisi wala ugali hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha mahindi mazuri yananukiaje. Mahindi yenyewe asili yake ni Meksiko, Wareno ndio waliyasambaza pwani za Afrika baada ya mwaka 1500. Ila kuna jambo la wenyeji wake ambalo halikusafiri na mbegu: wao huchemsha mahindi na chokaa, wakayaacha yalowe usiku kucha, kisha wakaosha maganda na kuyasaga yakiwa bado na maji. Chokaa inalainisha ganda, inalipa donge mnato ambao unga mkavu wa kawaida hauna, na inaifungua niasini, vitamini ambayo mahindi huwa yameifungia ndani. Harufu ile ya tortilla nzuri inatokana na hapo. Ukipewa ya mahindi iliyokauka, inayokatika ukiikunja na isiyonukia chochote, maliza soda yako uende zako, hata nyama iwe nzuri namna gani.

Kipimo cha pili ni jimbo. Meksiko ni nchi kubwa na kila upande una chakula chake. Birria ni ya Jalisco, carnitas ni za Michoacán, cochinita pibil, nguruwe wa kuokwa, ni ya Yucatán, tlayuda, tortilla kubwa iliyokaushwa, ni ya Oaxaca, na mole maarufu, mchuzi mzito wa pilipili na viungo, wanaigombea Puebla na Oaxaca. Mgahawa ukijitaja kwa mji au jimbo, au ukimsikia mwenye duka akieleza kwa fahari kwao ni wapi, kaa chini. Niliwahi kupelekwa mahali fulani katikati ya jiji, kofia kubwa ukutani, muziki wa juu, menyu ndefu kuliko ya hoteli. Nilicholetewa ni nyama ya kusaga kwenye mkate wa ngano, imezikwa chini ya jibini la njano na krimu. Chakula cha namna hiyo kimezaliwa mpakani, upande wa Texas, kina historia yake na wapenzi wake. Kilichoniudhi ni kuuzwa kwa jina la Oaxaca.

Carnitas nimezitaja, basi twende Pilsen. Panda Pink Line ushuke kituo cha 18th Street. Mtaa huu ulipewa jina na Wacheki waliouishi zamani, kwa kumbukumbu ya mji wao wa Plzeň. Wameksiko wakaja baadaye, wakaujaza rangi, michoro ya ukutani na harufu ya mafuta ya moto. Hatua chache kutoka kituoni, namba 1725 West 18th Street, kuna Carnitas Uruapan, waliopo tangu mwaka 1975. Uruapan ni mji wa Michoacán, na kinachouzwa ni nguruwe aliyepikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe.

Watanzania wenzangu wapenzi wa kitimoto, hapa mtapaona kama nyumbani. Unapimiwa kwa ratili. Unasema unataka nyama tupu, au mchanganyiko wenye ngozi, mafuta na vipande vya ndani. Mchanganyiko ndio wa kuchukua, maana nyama tupu peke yake inakauka mdomoni mapema. Inakatwa mbele yako, na meza inajaa tortilla, salsa na pilipili. Ongeza chicharrón, ngozi iliyokaangwa mpaka ikapasuka mapovu, na saladi ya majani ya mpungate yenye uchachu, inakata mafuta vizuri. Wanazo pia quesadilla za ubongo. Najua wengine mtakunja uso, lakini ni laini, zimekaangwa nje zikawa kavu, na ndizo anazoagiza mume wangu kabla hajasalimia watu.

Jumamosi na Jumapili asubuhi foleni inatoka nje. Usiiogope. Itazame vizuri: bibi na wajukuu, mafundi wenye buti za kazi, watu waliotoka kanisani, wote wanabeba mifuko ya kwenda kulisha familia nzima. Mimi nikitoka zamu ya usiku naunga foleni hiyo na sare yangu ya kazi, na sijawahi kuijutia. Siku hizo mbili ndizo za kula vyakula hivi, kwa sababu nyama inatoka jikoni mfululizo na hailali. Ukienda Jumanne saa kumi jioni umejipunja mwenyewe.

Ukitaka kuendelea, kuna 26th Street, huko Little Village, ambako wenyewe wanaita La Villita. Utaujua kwa lango kubwa lililovuka barabara. Hapa sina mgahawa mmoja wa kukuapia, maana raha yake ni kutembea. Asubuhi tafuta wauza tamale wenye masanduku ya kutunzia joto; donge la mahindi lililofungwa kwenye ganda la muhindi na kupikwa kwa mvuke, ukiteremshia na champurrado, uji wa mahindi wenye chokoleti na mdalasini. Katika baridi ya Januari hapa, kikombe hicho ni matibabu. Beba noti ndogondogo.

Jioni tafuta taco za al pastor, lakini kwa sharti: lazima uone mnara wa nyama umesimama, unazunguka kando ya moto, na mkataji anachonga moja kwa moja kwenye tortilla. Mtindo huo uliletwa Meksiko na wahamiaji wa Kilebanoni, jamaa wa shawarma tunayoijua tangu Dar mpaka Muscat. Wameksiko wakaweka nguruwe, wakaipaka pilipili nyekundu na achiote, kiungo cha mbegu nyekundu, wakaongeza nanasi. Palipo na sinia la nyama iliyokwisha kukatwa, inayopashwa tu kwenye chuma, agiza kitu kingine.

Rafiki zangu wa Zanzibar na Mombasa huniuliza wao wale nini, na swali lao linastahili jibu la kweli. Usidhani kwamba mbuzi ni halali kwa kuwa ni mbuzi. Uliza amechinjwa wapi. Na hatari kubwa zaidi haipo kwenye nyama, ipo kwenye maharage. Maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, tamale nyingi huchanganywa nayo, na tortilla za ngano pia. Neno la kuuliza ni manteca, ndiyo mafuta hayo ya nguruwe. Tortilla za mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa, basi. Samaki, mayai na jibini vipo tele, mradi uhakikishe chuma cha kukaangia hakijatoka kwenye nguruwe.

Kuna watakaosema mbona sijataja mjini, kwa mpishi maarufu Rick Bayless. Frontera Grill yake iko pale tangu mwaka 1987, na mtu huyu wa Oklahoma ameisoma Meksiko kwa bidii ya kweli. Mole zake zinastahili heshima. Nenda ukiwa na sherehe na mfuko umetuna. Ila kwa njaa ya kawaida, ya mtu anayetaka kula kwa mikono na kuongea kwa sauti, pesa yangu inabaki Pulaski na 18th Street.

Kabla hujarudi nyumbani, pita El Milagro, kiwanda cha tortilla kilichoanza mwaka 1950. Wana duka 26th Street na jingine Blue Island, kule Pilsen. Omba za mahindi zilizofungwa kwa karatasi, zikiwa bado na joto, uzishike kifuani ndani ya treni. Uzile siku hiyohiyo au kesho yake. Za kesho zipashe kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, nusu dakika kila upande, halafu uzifunge kwenye kitambaa safi zitulie kidogo. Zinafaa mchuzi wa maharage ya nazi kuliko chapati, na hilo nimelisema mbele ya mama mkwe wangu.