Ziara ya Ghuba ya Chole, Mafia: kumtafuta kombe anayeishi ndani ya tumbawe

Nilikodi mashua pamoja na kiongozi wa watalii kijijini Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa shabaha moja tu: kumwona Pedum spondyloideum, kombe mdogo aliyezama ndani ya tumbawe hai, ambaye wazamiaji wengi humpita bila kumtambua. Kiongozi alinitaka nisubiri siku mbili hadi maji mafu, kwa kuwa wakati wa bamvua mkondo wa ghuba huwa mkali, na ushauri huo pekee ulistahili malipo yote.

Tulipofika kwenye tumbawe kubwa la mviringo la jenasi ya Porites, aliniashiria nisogee taratibu bila kutupa kivuli, nikaona ufa mwembamba wenye kingo za buluu zilizopambwa vidoti vyekundu. Vidoti hivyo ni macho. Makombe wa ukoo wa Pectinidae huona kwa msaada wa kioo kidogo kilichopinda nyuma ya kila jicho, kilichojengwa kwa fuwele za guanini, na kivuli cha mkono hutosha kumfanya afunge magamba yake papo hapo. Jamaa zake wengi huogelea kwa kupigapiga magamba. Huyu haendi popote. Angali mchanga hujishikiza kwa nyuzi juu ya tumbawe, nalo linapokua humzunguka, naye akakua pamoja nalo huku akichuja chakula majini kupitia ufa ule ule maisha yake yote. Tena humfaa mwenyeji wake: watafiti wa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, walieleza mwaka 1988 kwamba kiti cha pweza mwenye miiba (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota), Acanthaster planci, anapolila tumbawe hilo hushtushwa na makombe hawa, hivyo sehemu zinazowazunguka husalia hai.

Kasoro ya huduma ni vifaa. Miwani niliyopewa ilivuja, na kuinuka kila mara kumwaga maji kulimfanya kombe ajifunge tena. Mwenye miwani yake aende nayo. Lililoniumiza zaidi ni kwamba onyo la kutokanyaga matumbawe lilitolewa tukiwa tayari majini, ilhali Porites hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Onyo hilo lingetolewa pwani, kabla ya kung'oa nanga, ningeipendekeza ziara hii bila sharti lolote.